Swali la Yohane Gerezani

Katika mwaka A wa liturujia, Jumapili ya tatu ya Majilio, Wakatoliki wa Kaikor, huko Turkana, husomewa Isaya 35: nyika itashangilia, vipofu wataona, viwete wataruka. Somo linakatwa katikati ya mstari wa 6. Nusu inayofuata, ile ya maji kububujika jangwani, haisomwi. Kwa mama anayechimba shimo kwenye mchanga wa laga (mto mkavu wa msimu), akakaa kando kungoja maji yajikusanye, kisha akayateka kikombe kimoja kimoja, nusu iliyoachwa ndiyo habari yenyewe.

Injili ya siku hiyo, Mathayo 11, nayo ina kitu kilichoachwa. Yohane Mbatizaji yuko kifungoni. Flavius Josephus anaandika kwamba ilikuwa ngome ya Machaerus, mashariki ya Bahari ya Chumvi. Hapo awali alihubiri kwamba shoka limeshawekwa shinani mwa miti na makapi yatachomwa. Sasa anasikia habari za wagonjwa kuponywa, shoka halionekani, na Herode Antipa aliyemfunga bado yuko kitini. Anawatuma wanafunzi wake wamuulize Yesu kama ndiye anayetarajiwa au wamngoje mwingine.

Yesu hajibu ndiyo wala la. Anawaambia wakaeleze waliyoyaona na kuyasikia, kwa maneno yaliyochotwa Isaya 35 na 61: vipofu, viwete, viziwi, maskini. Lakini Isaya 61:1 inawataja pia wafungwa kufunguliwa. Hilo Yesu halisemi, na anayengoja jibu ni mfungwa. Sidhani lilimpita Yohane.

Wahubiri wengi hukimbilia kumtetea: hakuwa na shaka, aliuliza kwa faida ya wanafunzi wake. Maelezo hayo ni ya kale, Yohane Krisostomo aliyatoa, ila andiko lenyewe halisemi hivyo. Isitoshe, matarajio juu ya Masihi nyakati zile hayakuwa ya namna moja. Zaburi za Solomoni, za karne ya 1 kabla ya Kristo, zinamngoja mfalme wa ukoo wa Daudi awafukuze wageni Yerusalemu. Maandiko ya Qumran yanataja masihi wawili, wa Haruni na wa Israeli. Mwaka 132 BK Simon bar Kokhba aliwaongoza Wayahudi kupigana na Roma, na wapo waliomwona ndiye Masihi. Kufikia 135 alikuwa ameshindwa na kuuawa.

Watu wa Mungu hawa wa Turkana nao hawahitaji kufundishwa kupima ahadi. Emuron, anayepokea ujumbe wa Akuj (Mungu) ndotoni, huheshimiwa kadiri ndoto zake zinavyotimia. Kumbukumbu la Torati 18 inaweka kipimo hicho hicho. Na ahadi wamezipata: Septemba 2013 serikali ya Kenya na UNESCO walitangaza hazina ya maji chini ya tambarare ya Lotikipi, makadirio mita za ujazo bilioni 200. Yalipochimbwa na kupimwa, yalikutwa na chumvi nyingi. Mtu aliyepitia hayo akiuliza kama huyu ndiye au tumngoje mwingine, anauliza kwa haki.

Yohane hakukemewa. Katika sura hiyo hiyo Yesu anasema hajatokea mkubwa kumzidi kati ya waliozaliwa na wanawake. Wala hakutolewa gerezani. Katika sura ya 14 Antipa anaamuru akatwe kichwa. Ndugu katekista, ukimfundisha Yohane, usimwondolee shaka yake.