Joto la Lushoto Lililotupeleka Maabara

Wikiendi ya wawili milimani, baridi kali, jiko la mkaa chumbani. Usiku wa manane vichwa vinagonga. Je, damu inaweza kusema kilichotokea?

Kama umewahi kupanda Lushoto mwezi wa Julai, unaijua ile baridi. Unaondoka Mombo jasho likikutoka, gari linaanza kukata kona za Soni, na kilomita thelathini na kitu baadaye umeshavaa sweta.

Mimi na mwenzangu tulikwenda peke yetu, simu za ofisi tumezima. Mchana tulikaa Irente tukitazama nyika iliyotandaa chini. Usiku ulipoingia, mhudumu wa nyumba ya wageni akatuletea jiko, kwa ukarimu kabisa. "Dada, hili litawasaidia. Usiku wa huku si mchezo." Mkaa ulishakolea, hauna moshi hata kidogo. Tukafunga dirisha, tukajifunika. Raha iliyoje!

Saa tisa usiku nikaamka kichwa kinagonga kama ngoma, tumbo linachafuka. Nikajaribu kusimama, miguu ikagoma. Nikamwita mwenzangu, akanijibu kama mlevi, wakati jioni alikunywa chai ya tangawizi tu. Nilifika mlangoni kwa magoti, nikaufungua, nikamburuta. Baridi ile ile tuliyoikimbia ndiyo iliyotuokoa.

Adui asiye na harufu

Mkaa unapowaka hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Wengi wetu tunaogopa moshi, kwa hiyo moshi ukiisha tunadhani jiko ni salama. Kumbe ndiyo kwanza!

Gesi hiyo ikiingia mwilini hushikana na hemoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Ni kama daladala: abiria halali anafika kituoni na kukuta viti vyote vimekaliwa. Mapafu yanavuta hewa, moyo unapiga, lakini ubongo unashinda njaa. Ndiyo maana kila msimu wa baridi, Tanzania na Kenya, tunasoma habari za watu waliolala na jiko na hawakuamka.

Kidole kilichodanganya

Asubuhi tukaenda hospitali. Nesi akambana mwenzangu kile kifaa cha kidoleni: 98. "Oksijeni iko safi," akasema, tukapewa dawa za maumivu. Hatukutaja jiko. Hatukuona kama lina uhusiano.

Kumbe kifaa cha kawaida cha kidoleni hakiwezi kutofautisha. Damu iliyobeba gesi ya mkaa kwake inaonekana kama iliyoshiba oksijeni. Mtu anaweza kuwa taabani na bado namba ikapendeza.

Kipimo chenyewe ni cha damu. Inachotwa mshipani kama kawaida, kisha mashine maalumu inaonyesha ni asilimia ngapi ya hemoglobini imetekwa. Si kila maabara inayo. Kwa asiyevuta sigara, zaidi ya asilimia 3 au 4 ni dalili kwamba amevuta gesi. Mvutaji anaweza kufika 10 bila jiko lolote, kwa hiyo usifiche sigara zako mbele ya daktari, hata kama mchumba hajui!

Sisi damu yetu ilichotwa saa nane mchana, kwenye hospitali kubwa tuliyoshukia baadaye. Mwenzangu alikuwa na 6. Nikashusha pumzi. Daktari akatikisa kichwa. "Ukipumua hewa ya kawaida, kiwango hupungua nusu kila saa nne hadi sita. Usiku ule ilikuwa mara nne ya hii, au zaidi. Majibu madogo hayana maana hamkuvuta. Yana maana mmechelewa."

Kisha akaniuliza kama nina mimba. Siku zangu zilikuwa zimechelewa wiki mbili na nilikuwa sijamwambia mtu, hata aliyekaa pembeni yangu. Daktari akaeleza kwamba damu ya mtoto tumboni huing'ang'ania gesi hii kuliko ya mama, na huchelewa kuiachia. Kipimo cha mimba kilisema hapana. Nililia, na mpaka leo sijui ni kwa furaha au kwa huzuni.

Wapenzi, shikeni haya

• Jiko la mkaa lilale nje. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi.

• Mkiumwa kichwa wote chumba kimoja, tokeni nje kwanza, maswali baadaye.

• Hospitali semeni wazi: "Tulilala na jiko." Bila hiyo sentensi, nani atawaza kupima?

• Msisubiri majibu ndipo mpate tiba. Oksijeni safi kwa barakoa hupunguza gesi kwa nusu ndani ya saa moja hadi moja na nusu.

• Kumbukumbu au tabia zikibadilika siku au wiki kadhaa baadaye, rudini kwa daktari.

Lushoto tumeshairudia. Mhudumu yule yule alikuja na jiko lake. Tukamkalisha, tukamsimulia yote. Siku hizi wageni wake huwapa blanketi la tatu. Joto jingine, wawili wenyewe mnajua pa kulipata.