Rangi ya Chombo ni Ngozi, Si Pambo

“Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti,” walisema wahenga. Methali hii yamfaa sana kijana anayejiundia nyumbani chombo kidogo cha mbao cha kuendeshwa kwa redio. Wengi hutumia majuma mazima kupasua mbao, kupanga mataruma na kufunga mota. Kisha siku ya rangi hukimbilia dukani wakachagua kopo kwa kutazama kifuniko. Chombo hupendeza kweli. Lakini baada ya safari chache rangi hufura malengelenge, mbao hupinda, na maji yakajipenyeza hadi kwenye betri na kile chombo cha kupokea mawimbi. Kazi ya miezi na fedha za akiba huishia chini ya maji.

Mchezo huu si wa jana. Mwaka 1898 Nikola Tesla aliwaonyesha watu mjini New York mashua ndogo iliyotii amri za mawimbi ya redio bila ya waya wowote. Tangu hapo mitambo imebadilika mno, ila adui wa mbao ni yule yule: maji.

Na adui huyo watu wa mwambao wanamjua. Mafundi wa Lamu na Matondoni hawakutia jahazi dawa moja kutoka mkuku hadi juu. Waliziba nafasi za mbao kwa kalafati ya pamba iliyotiwa mafuta. Mbao za juu wakazipaka sifa, yaani mafuta ya papa, ili jua lisizipasue. Chini wakapaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na shahamu, kuwazuia wadudu wa baharini watoboao mbao. Fundi hakuuliza ni dawa gani iliyo bora. Aliuliza itakaa wapi na itapambana na nini. Swali hilo ndilo la kwenda nalo dukani.

Hata hivyo, sifa na deheni usizihamishie kwenye chombo chako kidogo. Jahazi huishi majini. Chombo cha redio huingia majini kwa saa moja, kisha hufutwa na kurudi rafuni, wala wadudu hao hawapati nafasi ya kukitoboa. Zaidi ya hayo, mbao iliyokunywa mafuta huikataa rangi. Msaji nao una mafuta yake ya asili. Ufute kwa kitambaa chenye tina kabla ya kuupaka kitu chochote.

MBAO INYWE KWANZA

Anza na msasa nambari 120, umalize kwa 240, ukifuata mkondo wa mbao. Ziba mashimo kwa puti, kisha ufute vumbi lote. Ikiwa chombo kimekwisha kugusa maji ya bahari, kioshe kwa maji baridi ya kisima au ya mfereji na ukianike kikauke kabisa, kwani chumvi iliyobaki huvuta unyevu na kuibandua rangi.

Sasa ipe mbao kinywaji chake: vanishi iliyozimuliwa kwa tina, au epoksi nyepesi ya kuchanganya kopo mbili. Usipake nje tu. Paka ngama, paka chini ya sitaha, paka tundu la fimbo ya rafadha. Ncha za mbao zipakwe mara mbili au tatu, kwa sababu mishipa ya mti iko wazi pale na hunywa maji kupita ubavu. Chombo kilichopakwa nje peke yake hulowa kutoka ndani, na unyevu ukitafuta njia huisukuma rangi itoke.

Hapo ndipo ije praima. Kazi yake ni kushika mbao kwa mkono mmoja na rangi kwa mkono wa pili. Ya kijivu ni nzuri kwa anayeanza, kwani huonyesha kila kovu lililobaki. Paka mara mbili nyembamba, upige msasa nambari 400 kati yake. Usipake nene; rangi ina uzito, na chombo kidogo kikizidi uzito hukaa chini mno majini.

RANGI IPI?

Kama chombo chako ni cha betri, rangi ya mafuta yatosha. Hupakwa kwa brashi, na makosa yake hurekebishika. Rangi ya selulosi, ile ya kupuliza magari, hukauka upesi, lakini tina yake ni kali: ukiipuliza juu ya rangi ya mafuta, ile ya chini itajikunja kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Rangi ya maji ya ukutani iache ukutani.

Chombo cha injini inayochoma methanoli kina shida nyingine. Mafuta hayo huyeyusha rangi za kawaida, hivyo huhitajika poliyurethani ya kopo mbili. Lakini tahadhari: kigumushi chake kina kemikali zinazodhuru mapafu. Kuipuliza si kazi ya uani; mpe fundi wa magari mwenye vifaa vya kujikinga. Hata tina ya kawaida itumie mahali penye upepo, mbali na jiko na watoto.

Jua letu nalo lina neno. Rangi nyeusi hunyonya joto, na gundi ikalegea. Epoksi ikiachwa wazi juani hugeuka unga, kwa hiyo lazima ifunikwe na rangi. Na siku za masika usipulize selulosi, kwani unyevu wa hewa huiacha na ukungu mweupe. Juu ya sitaha, njano au rangi ya chungwa huonekana mbali. Ubavu wa kulia na wa kushoto ukiupaka rangi mbalimbali, utajua chombo kinaelekea wapi hata kikiwa mbali. Maana kikikugeukia omo, kulia kwake huwa kushoto kwako.

Mwisho, kabla ya kugusa chombo, chukua kipande cha mbao ile ile kilichobaki. Kitendee yote: msasa, kinywaji, praima, rangi. Kiache juma zima kikauke, ukiloweke usiku kucha, ukifute, kisha ubandike utepe wa gundi na kuuvuta kwa nguvu. Rangi ikija na utepe, umepoteza kipande tu, na chombo chako ki salama. Isipokuja, paka chombo chako kwa mpango ule ule, ungoje kikauke, ndipo ukishue.