Gita la besi: kabla ya kununua funguo, pima kwanza

BUTEMBO – Mbao ya libuyu inapatikana, na mafundi wanaojua kuichonga hawakosekani. Kwa anayetengeneza gita la besi Butembo au Beni, kinachotoka mbali ni vyuma vidogo vya kichwani: funguo za kukazia nyuzi. Zikichaguliwa vibaya, shingo iliyochongwa kwa siku nyingi huharibika kwa saa moja.

Bidhaa nyingi zinazoingia Butembo hupitia mpaka wa Kasindi, kisha Beni, halafu barabara ya taifa namba 2, umbali wa kilomita kama 54. Eneo la Beni limeteswa miaka mingi na mashambulizi ya waasi wa ADF, na usafiri si wa kuaminika kila siku. Funguo zisizofaa zikishafika, kuzirudisha kwa muuzaji ni gharama nyingine.

Kosa rahisi ni kununua funguo za gita la kawaida kwa sababu ya bei yake. Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne una unene wa karibu milimita 2.6, hivyo hauingii katika tundu dogo la ufunguo wa gita. Tena, nyuzi nne za besi zikikazwa huvuta kwa pamoja karibu kilo 75, sawa na mfuko mmoja na nusu wa simenti. Meno madogo ya ufunguo wa gita hayakuundwa kwa mzigo huo. Yakianza kuteleza, uzi hulegea na kwaya inaimba huku besi iko sauti nyingine.

Hata funguo za besi zenyewe hazilingani. Nyingi za kisasa huhitaji tundu la milimita 14; zile za mtindo wa zamani wa Fender huhitaji kama milimita 17.5. Kwa hiyo anayebadilisha funguo za gita la zamani apime tundu, unene wa kichwa na nafasi za visi kabla ya kulipa. Tundu dogo huongezwa polepole kwa tupa ya mviringo. Likiwa kubwa mno, huzibwa kwa kipande cha mbao ngumu na gundi, kisha hutobolewa upya.

Upande nao una maana. Kichwa chenye funguo nne mstari mmoja huhitaji zote za upande mmoja. Kichwa cha mbili kwa mbili huhitaji mbili za kushoto na mbili za kulia.

Halafu kuna uzito. Funguo nzito juu ya mwili wa mbao nyepesi huvuta kichwa chini, na mpigaji analazimika kuinua shingo kwa mkono uleule unaobana nyuzi. Atakayepiga ibada nzima amesimama ataona tofauti begani.

Dukani, ufunguo uzungushwe mbele na nyuma. Mhimili ukichezacheza, au kishikio kikizunguka kidogo bila mhimili kufuata, hiyo si seti ya kuchukua.

Kwa gita jipya, usalama uko katika utaratibu wa kazi: funguo zinunuliwe kwanza, zipimwe zikiwa mkononi, na kichwa kitobolewe mwisho. Vipimo vilivyoandikwa kwenye tangazo la muuzaji havitoshi kuwasha mashine ya kutoboa.