Oksitosini na Mchezo wa Mpira

Sogeeni, wajukuu zangu. Leo sina sungura wala fisi, nina homoni. Homoni ni kemikali inayotengenezwa na mwili na kusafiri kwa damu, ikipeleka ujumbe kutoka kiungo hiki hadi kile. Hii ya leo inaitwa oksitosini. Hutengenezwa ndani ya ubongo, kisha huachiwa na tezi iliyo chini yake, ndogo kama punje ya njegere.

Mama akijifungua, oksitosini hukaza tumbo la uzazi ili mtoto atoke. Mtoto akinyonya, hiyo hiyo hushusha maziwa. Baadaye wataalamu wakaona inasaidia pia watu kupendana na kuzoeana. Wakajiuliza: je, inaweza kumsaidia mtu mwenye usonji?

Usonji hauambukizi, wala hauletwi na malezi mabaya. Ubongo wa mtu huyo umekua kwa namna yake tangu utotoni. Huenda asikutazame machoni, au achoshwe na makundi ya watu.

Basi, huko Ufaransa, watafiti waliwapa watu wazima 13 wenye usonji mchezo wa mpira kwenye kompyuta. Mchezaji mmoja alikuwa mwema, akiwapasia mara nyingi, mwingine mchoyo. Bila dawa, hawakuwabagua: waliwapasia wote sawasawa. Walipovuta oksitosini puani, wakaanza kumpasia zaidi yule mwema. Matokeo hayo yalitoka mwaka 2010, na wengi wakashangilia.

Lakini haraka haraka haina baraka. Marekani wakajaribu kwa watoto na vijana 290, wa miaka 3 hadi 17. Wengine walipewa oksitosini, wengine dawa bandia, kwa wiki 24. Mwaka 2021 majibu yakatoka: makundi yote mawili hayakutofautiana katika kuchangamana na watu.

Tena, oksitosini haiko peke yake mwilini. Kuna kortisoli, inayopanda mtu anapokuwa na wasiwasi. Kwa baadhi ya watoto wenye usonji, kortisoli hupanda wanapocheza na wenzao, hata kama mchezo ni wa kirafiki.

Kwa hiyo, mwenzenu akijitenga uwanjani, msiseme anaringa. Huenda mwili wake umeshatishika. Punguzeni kelele, mwalikeni mmoja mmoja, na akikataa leo, mwalikeni tena kesho.