Masomo ya Chuo kwa Mtandao: Hakiki Kabla ya Kulipa Ada

Tarehe 16 Machi 2020 ilitangazwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 amepatikana nchini. Siku chache baadaye vyuo vilifungwa, na wanafunzi wa Mwanza, kuanzia Malimbe hadi Bugando, wakarejea makwao. Vyuo vilifunguliwa tena tarehe 1 Juni mwaka huohuo. Ng'ambo ya ziwa, nchini Uganda, baadhi ya madarasa ya shule yalisubiri hadi Januari 2022. Kwetu kipindi kilikuwa kifupi, lakini kilitosha kuonesha kwamba milango ya chuo ikifungwa, anayeendelea kusoma ni yule mwenye kifaa, umeme na mtandao.

Leo mzazi wa Ukerewe aliyezoea kuhesabu nauli ya meli na kodi ya chumba huko Nyegezi anaambiwa kuwa mwanawe anaweza kusomea nyumbani. Unafuu huo unaweza kuwa wa kweli. Hata hivyo, ada ikishalipwa kwa programu isiyotambuliwa, fedha na miaka ya kijana hupotea pamoja.

Kusomea mbali si jambo geni

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa mwaka 1992 kwa ajili ya elimu ya masafa, na kina vituo mikoani, Mwanza ikiwamo. Kwa hiyo, shahada haipungui thamani kwa kuwa mwenye nayo alisomea nyumbani. Thamani yake hutokana na idhini ya programu na uzito wa mitihani yake.

Yasiyofundishika kwenye kioo cha simu

Mwanafunzi wa udaktari hana budi kumhudumia mgonjwa wodini chini ya usimamizi. Anayesomea uvuvi hana budi kupanda mtumbwi na kuvuta nyavu. Nadharia inaweza kupokelewa popote, lakini vitendo vinahitaji mahali, vifaa na mwalimu aliye karibu. Ndiyo maana tunaamini kuwa vyuo vya kesho vitachanganya njia zote mbili. Programu ya fani ya vitendo inayodai kuwa yote ni ya mtandao, itilie shaka.

Mambo matano ya kuhakiki

1. *Idhini.* Kwa shahada, uliza Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kwa astashahada na stashahada, uliza Baraza la Taifa la Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi (NACTVET). Taja jina la programu, si la chuo pekee, kwani chuo kilichosajiliwa kinaweza kutangaza programu ambayo haijaidhinishwa.

2. *Chuo cha nje ya nchi.* Uliza TCU kabla ya kujiunga kama shahada yake itatambuliwa nchini.

3. *Vitendo.* Pata jibu la maandishi: vitafanyika wapi, lini, na kwa gharama ya nani?

4. *Gharama kamili.* Tuseme kifurushi cha wiki ni shilingi 5,000. Kwa muhula wa wiki 16, hizo ni shilingi 80,000, kabla ya kifaa, ada ya mitihani na nauli ya kwenda kituoni. Uliza pia kama masomo yanaweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao.

5. *Malipo.* Lipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo iliyotolewa na chuo, au katika akaunti ya benki yenye jina la chuo. Usitume ada kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Dai stakabadhi.

Ukiona umepotoshwa

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kibiashara. Hifadhi tangazo, barua ya udahili, stakabadhi na ujumbe wote mlioandikiana. Andika kwanza kwa chuo, ukieleza ulichoahidiwa na ulichopewa, na ubaki na nakala. Usiporidhika na jibu, wasilisha nakala hizo kwa mamlaka inayosimamia chuo hicho.

Tunashauri pia usome masharti ya marejesho ya ada kabla ya kutia saini. Chuo kikifungwa tena kwa dharura, haki yako itategemea sana yaliyoandikwa humo.