Vipande vya Krayoni Si Takataka: Kazi ya Rangi na Watoto Nyumbani



Karibu kila nyumba yenye mtoto wa nasari ina vipande vya krayoni, yaani zile kalamu za rangi za nta. Viko chini ya kitanda, ndani ya mkoba wa shule, hata uani ambapo kuku wanavidonoa. Mama anavifagia na kuvitupa, halafu muhula ukianza mwalimu anaomba pakiti mpya. Tangu mtaala wa umilisi uanze kote nchini mwaka 2019, wazazi wengi wamelalamika juu ya vifaa vya kupeleka shuleni. Basi tusitupe vile tulivyo navyo. Vipande hivi vikiyeyushwa vinakuwa krayoni tena, au picha ya kupamba ukuta.

Wengine watasema, "Sisi tunatafuta karo na mbolea, mambo ya rangi ni ya nini?" Swali ni zuri. Mtoto wa miaka 3 hadi 6 hujifunza kwa mikono kabla ya daftari. Vidole vinavyoshika kipande kifupi cha krayoni leo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Tena hakuna haja ya kununua makaa, tumia yale yanayobaki jikoni baada ya kupika. Kinachohitajika hasa ni mzazi kukaa na mtoto saa moja, na hicho ndicho watoto wengi wanakosa.

KWA NINI MAJI MOTO?

Krayoni nyingi hutengenezwa kwa nta ya parafini, kama ile ya mishumaa, iliyochanganywa na unga wa rangi. Nta hii huyeyuka kwenye joto la nyuzi 50 hadi 60 hivi. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na chini kidogo sehemu za milimani. Kwa hivyo maji moto yanatosha kabisa. Nta ikiwekwa moja kwa moja juu ya moto, hupata joto kupita kiasi, hutoa moshi, na inaweza kuwaka kama mafuta ya kupikia.

HATUA ZA KUFUATA

1. Loweka vipande kwenye maji ili karatasi itoke. Watoto waibandue wenyewe. Kausha vizuri, kwa maana tone la maji ndani ya nta moto huruka.

2. Watoto wapange rangi: nyekundu peke yake, buluu peke yake. Waulize, njano na buluu zikichanganywa itatoka nini? (Kijani.) Ukichanganya zote pamoja utapata rangi ya matope tu.

3. Tia kila rangi kwenye mkebe mtupu ambao hautatumika tena kwa chakula. Bonyeza ukingo wa mkebe upate mahali pa kumiminia.

4. Simamisha mkebe ndani ya sufuria yenye maji kidogo, juu ya makaa yasiyo makali. Maji yasiingie ndani ya mkebe.

5. Panga vifuniko vya soda vilivyopakwa mafuta kidogo sana. Mtu mzima amimine nta. Ikishapoa na kuwa ngumu, gonga kifuniko na krayoni itatoka. Umbo hili la duara linashikika vizuri na mikono midogo.

Ukikosa nta ya kutosha, ongeza kipande cha mshumaa. Usizidishe, la sivyo rangi itafifia.

KUTENGENEZA PICHA

Kwa watoto wadogo: kwaruza krayoni kwa kisu upate unga. Mtoto anyunyize unga huo juu ya karatasi na kuikunja katikati. Funika kwa gazeti kuukuu, kisha mtu mzima apitishe pasi isiyo moto sana. Fungua, na rangi zitakuwa zimeenea kama mabawa ya kipepeo.

Kwa watoto wa miaka 8 na zaidi: toa mkebe kwenye moto, uache upoe kidogo, kisha mtoto achovye kijiti chenye pamba na kuchora kwenye katoni. Au achore kwa krayoni kwenye karatasi nyeupe, halafu apake juu chai ya rangi iliyopoa. Karatasi itanyonya chai, lakini mahali penye nta patabaki vile vile. Kina mama waliojifunza batiki wataitambua njia hii mara moja.

TAHADHARI

Nta moto hunata kwenye ngozi na kuchoma zaidi. Kwa hivyo moto ni wa mtu mzima, rangi ni ya mtoto. Fanyeni kazi nje, chora mstari chini hatua tatu kutoka kwa jiko, na mtoto asiuvuke. Kikundi kikikutana, mtu mmoja awe na kazi ya kuangalia jiko tu.

Nta ikishika moto, usimwage maji! Funika kwa kifuniko cha sufuria au mchanga mkavu.

Mtoto akiungua, mmwagilie maji baridi ya kawaida kwa dakika 20. Kama hakuna bomba, mimina polepole kutoka kwa mtungi. Usivute nta iliyoganda kwenye ngozi. Usipake dawa ya meno, siagi wala yai. Funika kwa kitambaa safi. Kama jeraha ni la uso, mkono au kiungo, au lina malengelenge, mpeleke zahanati bila kungoja.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Watoto wetu hucheza wapi tunapopika? Tunaweza kubadilisha nini wiki hii?

2. Ni vitu gani vingine tunavyotupa ambavyo vingewafaa watoto wa nasari yetu?

3. Baba wa nyumba hii anashiriki namna gani katika masomo ya mtoto mdogo?

Kila mwanachama alete vipande alivyo navyo kwenye mkutano ujao. Kidogo cha kila mmoja kitatosha darasa zima.