Gemu ya mtumba? Jaribu kwanza, lipa baadaye

Uko Wote, na mtu wa Kitui anauza gemu ya PlayStation kwa bei poa. Kabla hujatuma pesa, jiulize: unauziwa nini hasa?

Gemu ikiuzwa mara ya pili, kampuni iliyoitengeneza haipati kitu. Ndiyo maana mwaka 2010 EA ilianza kuweka kwenye gemu mpya namba ya kutumika mara moja tu. Ukinunua iliyotumika, ulilipa tena ndipo ucheze mtandaoni. Wachezaji walilalamika, na mwaka 2013 ikaacha. Lakini siku hizi gemu nyingi hupakuliwa, na hubaki kwenye akaunti ya aliyenunua kwanza.

Kwa hivyo:

- Diski: ijaribu kabla ya kulipa. Kama uko mbali, tuma mtu unayemwamini. PS5 Digital Edition huuzwa bila mahali pa kuingiza diski.
- Akaunti: usinunue. Mwenyewe anaweza kubadilisha nenosiri, ubaki mikono mitupu.
- Malipo: soma jina la anayepokea kabla ya kuweka PIN.

Kutuma ni sekunde chache. Kurudishiwa ni shida, hasa kama pesa zimeshatolewa.